Jeshi na Raia Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maasi ya 1964, JKT na Vita vya Kagera

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji anayetaka kuelewa kwa nini nchi ambayo haijawahi kutawaliwa na wanajeshi ina gwaride karibu kila mahali: shuleni, kwenye sherehe za kitaifa, kwenye usaili wa ajira, hata kwenye ligi ya mpira. Yanahusu zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina Mapinduzi yake na vikosi vyake, na habari hizo zinastahili maelezo ya peke yake.

Kwa nini historia ya jeshi la Tanzania huanza kusimuliwa kwenye maasi na si kwenye uhuru?

Kwa sababu siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, jeshi lilibadilika jina kuliko lilivyobadilika hali. Vikosi vya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, vilivyokuwa Tanganyika viliitwa Tanganyika Rifles, maofisa wa ngazi za juu wakabaki Waingereza, na kambi kuu ya Dar es Salaam ikaendelea kuitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi hiyo waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kudai mambo mawili: mishahara iongezwe, na Waingereza waondoke. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza nao, huku Rais Nyerere na Makamu wake Rashidi Kawawa wakiwa wamefichwa nje ya mji. Siku iliyofuata kikosi cha Tabora nacho kiliasi, na kabla ya wiki kwisha moto huo ulikuwa umefika Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya.

Maasi ya Dar es Salaam yalizimwa tarehe 25 Januari na makomando wa Kiingereza walioletwa kwa helikopta kutoka kwenye manowari Centaur. Kumwita mtawala wa jana aje amwokoe Rais dhidi ya askari wake mwenyewe kulikuwa fedheha kubwa, na Nyerere hakuificha. Aliitisha kikao cha mawaziri wa nchi huru za Afrika jijini Dar es Salaam, na miezi michache baadaye wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza wakati jeshi jipya likiundwa.

Jeshi jipya lilitofautiana vipi na lile lililovunjwa?

Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilizaliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964 chini ya Mirisho Sarakikya, ofisa kijana aliyesomea Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza. Askari wengi wa zamani walirudishwa makwao, na wapya wakatafutwa kwa kiasi kikubwa miongoni mwa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali Iringa ambako Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski mwaka 1891.

Waingereza walikuwa wamefundisha kwamba askari hana siasa, wala hajui kinachoendelea nje ya lango la kambi. Serikali ya TANU iliamua kinyume chake kabisa. Askari aliruhusiwa, na kwa kweli alitarajiwa, kuwa mwanachama. Matawi ya chama yalifunguliwa vikosini, makamisaa wa siasa wakawekwa sambamba na makamanda, na baadaye jeshi zima likahesabiwa kuwa mkoa mmoja wa kichama wenye wajumbe wake mikutanoni. Hoja iliyokuwa nyuma ya mpango huu ilikuwa rahisi: askari anayejiona mgeni katika nchi yake atauza bunduki yake kwa yeyote atakayempandishia mshahara, lakini askari mwenye kadi, mwenye kauli na mwenye ndugu katika chama hana sababu ya kuipindua serikali ambayo ni yake pia.

Je, mpango huo ndio ulioizuia Tanzania isipinduliwe kama majirani zake?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ingawa wanaosema hivyo mara nyingi husahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba jeshi la Tanzania halikuwahi kumilikiwa na kabila moja au kanda moja, jambo lililoitesa Uganda kwa muda mrefu, na hilo lilitokana na namna nchi yenyewe ilivyo kama lilivyotokana na sera. La pili ni kwamba majaribio yalikuwapo: mwaka 1983 iligunduliwa njama iliyowahusisha maofisa kadhaa wa jeshi, na baadhi yao walihukumiwa vifungo vya maisha kwa uhaini. Mpango wa 1964 ulipunguza hatari, haukuifuta. Pia ulikuwa na gharama ambayo wakati ule wachache waliihesabu, kwa sababu jeshi lililofundishwa kuipenda serikali lilikuwa limefundishwa kukipenda chama kimoja.

JKT lilianzishwa kwa madhumuni gani?

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, yaani kabla ya maasi, na mfano wake wa awali ulitoka Israeli, ambako vijana waliunganisha mafunzo ya silaha na kilimo. Vijana wa mwanzo walikuwa wa kujitolea, wengi wao wakiwa hawana elimu kubwa wala kazi. Walifundishwa kwata, walilima, walijenga barabara, na jioni walijifunza kusoma. Kambi kama Mgulani, Ruvu, Mafinga, Makutupora na Oljoro zikawa mahali ambapo kijana wa Mtwara alilala kitanda cha juu na kijana wa Bukoba kitanda cha chini, wote wakiamrishwa kwa Kiswahili. Wengi waliopita huko hukumbuka jambo hilo kuliko mafunzo ya bunduki.

Kwa nini wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana dhidi ya JKT mwaka 1966?

Kwa sababu mwaka huo serikali iliamua kwamba wasomi nao waingie JKT kwa lazima. Msomi angetumikia miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini kwake huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho yao, na mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba afadhali ukoloni. Ni vigumu kubuni sentensi ambayo ingemkasirisha Nyerere zaidi ya hiyo. Aliwasikiliza Ikulu, kisha akawajibu kwa hasira kwamba hata yeye mshahara wake ni mkubwa mno, akaupunguza papo hapo kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa vijijini kwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Tukio hilo linastahili uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida, kwa kuwa Azimio la Arusha lilikuja miezi mitatu tu baadaye, Februari 1967, likiwa na masharti makali juu ya mali na mishahara ya viongozi. Mgogoro ulioanza kama ubishi juu ya kambi za vijana uliishia kwenye swali la nani anastahili kula nini katika nchi maskini. Wanafunzi wale walikuwa na hoja moja ya haki, kwamba walikatwa wao huku mawaziri wakinona, na Rais, bila ya kuwakubalia waziwazi, aliichukua hoja hiyo na kuitumia.

Kuna tofauti gani kati ya vijana wa mujibu wa sheria na vijana wa kujitolea?

Vijana wa mujibu wa sheria ni wale wanaoitwa kwa majina baada ya kumaliza kidato cha sita. Zamani walikaa mwaka mzima kabla ya kuendelea na safari yao ya masomo au kazi. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, fedha zilipokuwa zimekwisha na itikadi iliyoutegemeza ikiwa imelegea, na ulirejeshwa mwaka 2013 kwa muda mfupi zaidi, ambao kwa kawaida ni miezi mitatu. Vijana wa kujitolea huomba wenyewe kupitia ofisi za mikoa na wilaya na hukaa miaka miwili.

Tofauti ya kweli, hata hivyo, iko katika matarajio. Kijana wa mujibu wa sheria anasubiri chuo, na kambi kwake ni kituo cha njiani. Kijana wa kujitolea anatafuta ajira, kwa kuwa JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto huwapa kipaumbele waliopitia JKT. Ndiyo maana maombi huwa mengi kuliko nafasi, na ndiyo maana wale wanaomaliza miaka miwili bila ya kuchukuliwa na chombo chochote hurudi nyumbani na uchungu ambao hotuba za kufunga mafunzo haziutaji. Serikali hueleza kwamba JKT hutoa stadi za kujiajiri na haiahidi kazi. Maelezo hayo ni sahihi kisheria, lakini mzazi aliyeuza mbuzi kumpatia mwanawe nauli hakuwa akiwazia stadi.

Maisha ya kambini yakoje?

Huanza na tangazo lenye orodha ya vitu, na orodha hiyo yenyewe inafundisha mengi: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, inayofika magotini, yenye mfuko mmoja nyuma na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Mtoto wa waziri na mtoto wa muuza genge wanatakiwa kufika wakiwa wamevaa sawasawa.

Kuruta huamshwa kabla ya alfajiri, hukimbia mchakamchaka akiitikia chenja, yaani nyimbo za kukimbilia, hufanya usafi, hunywa uji, kisha siku hugawanywa kati ya kwata, darasa na kazi za mikono, iwe ni kulima, kufyatua matofali au kuchota maji. Kosa dogo hulipwa kwa kuruka kichura au kupiga pushapu, na mara nyingi kombania nzima huadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, jambo ambalo waliolipitia hulilaumu na kulisifu kwa pumzi ile ile. Afande haulizwi kwa nini. Wasichana hupitia mafunzo yaleyale, isipokuwa mahanga ya kulala ni tofauti. Urafiki unaofungwa pale hudumu: watu wazima wenye mvi, wakikutana ofisini, bado huulizana walikuwa operesheni gani, kwa kuwa kila kundi la mafunzo hupewa jina la operesheni.

Vita vya Kagera vilianza vipi na viliishaje?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini ya Mto Kagera, wakaua na kupora, wakabeba ng'ombe na mitambo ya kiwanda cha sukari, kisha wakalibomoa daraja la Kyaka. Amin alitangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa na kusema kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. JWTZ lilirudisha eneo hilo kabla ya mwaka kwisha, likaingia Uganda mwezi Januari 1979 likiongozana na wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni, likapigana na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa JWTZ.

Simulizi za ushindi husahau kwamba mji mdogo wa Mutukula ulibomolewa kwa matingatinga ili kulipiza kisasi cha Kagera, na kwamba Masaka nayo iliharibiwa vibaya. Vita vilikuwa vya haki, na haki hiyo haihitaji kusafishwa kwa kunyamazia yaliyotokea.

Vita hivyo vilibadilisha nini katika maisha ya watu wasiokuwa wanajeshi?

Kwanza, vilichukua watu na vitu. Jeshi lililoanza na makumi machache ya maelfu lilipanuliwa haraka kwa kuwaita mgambo, askari polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. Vijijini watu walichanga ng'ombe, mahindi na fedha. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikilizwa kwa vikundi, na bendi za muziki zilitunga nyimbo za hamasa kwa wiki.

Baada ya hapo ilikuja hesabu. Nchi ilikuwa tayari imejeruhiwa na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa ikishuka, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Fedha za kigeni ambazo zingeagiza vipuri vya viwanda zilikuwa zimeagiza silaha. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wazee hadi leo hutania kwamba miezi ile haijaisha. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, khanga, hata betri za redio viliadimika, na foleni ya duka la ushirika ikawa sehemu ya malezi ya kizazi kizima. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wafanyabiashara wengine walikimbilia kutupa bidhaa zao usiku ili wasikutwe nazo. Si haki kuulaumu uvamizi wa Amin kwa kila upungufu wa miaka hiyo, kwa sababu sera za kiuchumi zilikuwa na makosa yake tangu kabla ya risasi ya kwanza, lakini vita viliondoa akiba ambayo ingeweza kuyaficha makosa hayo kwa muda.

Jambo la tatu ni usalama. Silaha zilizozagaa baada ya vita hutajwa na wengi kuwa mojawapo ya sababu za wimbi la ujambazi na wizi wa ng'ombe lililofuata kanda ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda Sungusungu kujilinda wenyewe kwa mishale na filimbi. Serikali, badala ya kuwapiga marufuku, hatimaye iliwatambua kisheria.

Mgambo ni nani, na kwa nini wachuuzi huwaogopa?

Mgambo ni raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi katika kata au wilaya yake na kurudi kwenye shughuli zake. Wazo lilipata nguvu katika Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya Wareno kuivamia Guinea na baada ya Amin kuchukua madaraka, nao ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima. Kagera ilithibitisha faida yake. Mijini, hata hivyo, halmashauri ziliwatumia mgambo kuondoa wamachinga na mama lishe barabarani, na kwa muuza nyanya aliyemwagiwa beseni lake jina hilo halimkumbushi Mwongozo wala Kagera.

Waliokufa vitani wanakumbukwaje?

Kila tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari zaidi ya 600, yamepangwa kwa safu kama kikosi kwenye paredi. Bukoba mjini uko uwanja wenye jina la Mayunga, mmoja wa makamanda wa vita hivyo. Kwa waliorudi wakiwa hai kumbukumbu imekuwa na ukarimu mdogo. Miongoni mwa mgambo walioitwa na kuachishwa baada ya vita wapo waliolalamika kwa miaka mingi juu ya mafao, na ushahidi wao mara nyingi ulikuwa karatasi moja iliyochakaa au kovu.

Kwa nini shule za Tanzania zina mambo ya kijeshi?

Mchakamchaka wa asubuhi, paredi ya kukagua kucha, viranja na halaiki ya uwanjani ni urithi mchanganyiko wa shule za kikoloni, skauti, JKT na miaka ya vita. Watoto waliozaliwa miongo kadhaa baada ya 1979 wamekua wakikimbia huku wakiimba nyimbo za kumkejeli Idi Amin, wengi bila ya kujua alikuwa nani. Mazoezi yenyewe hayana ubaya. Kinachostahili kuhojiwa ni ile sehemu ya urithi huo inayomfundisha mwanafunzi kwamba kuuliza swali ni utovu wa nidhamu.

Michezo inahusikaje?

Jeshi lilikuwa mwajiri aliyempa mwanamichezo muda wa mazoezi, chakula na mshahara. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, wote walikuwa wanajeshi. Leo JKT Tanzania wako katika mpira wa wanaume, na JKT Queens wamefika hadi Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake.

Kwa nini jeshi hupewa kazi ambazo si za vita?

Kwa sababu serikali huliamini kwamba halitachelewa wala kugoma. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi ya tanzanite ya Mirerani ulijengwa na wanajeshi kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018. Novemba mwaka huohuo, wafanyabiashara waliposita kununua korosho, Rais Magufuli aliliagiza jeshi likazikusanye Mtwara na Lindi kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Ukuta ulisimama. Korosho ilikuwa ngumu zaidi: malori yalifika, lakini jeshi halina wanunuzi nje ya nchi, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu. Mifano hii miwili inaonyesha vizuri mpaka wa uwezo wa amri. SUMAJKT, tawi la uzalishaji la JKT, nalo linajenga majengo ya serikali, linalinda mabenki na ofisi, na linashindana na kampuni za kiraia ambazo hulalamika, kwa haki kiasi, kwamba mshindani wao hana gharama za vibarua kama zao.

Mwanajeshi anaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama cha siasa?

Hapana. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Katiba iliwakataza askari kujiunga na chama chochote, na waliokuwa na vyeo pande zote mbili walilazimika kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, alichagua siasa na baadaye akawa Rais. Kupiga kura askari anaruhusiwa. Wastaafu wa jeshi bado huteuliwa kuwa wakuu wa mikoa na wa wilaya, na vyama vya upinzani vimelalamika kwamba kadi zilirudishwa lakini mazoea yalibaki. Malalamiko hayo hayawezi kupuuzwa, kwa kuwa jeshi lililoundwa mwaka 1964 lilifundishwa kwa miaka 28 kwamba chama na taifa ni kitu kimoja, na somo la muda mrefu namna hiyo halifutwi kwa kifungu cha Katiba.

Raia anaweza kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi?

Hawezi. Sheria inakataza, na maonyo hutolewa mara kwa mara, hasa kwa wanamuziki na wauza mitumba. Anayezikuta kombati ndani ya belo la mitumba anatakiwa kuzikabidhi kituo cha polisi au kambi ya jeshi iliyo karibu.